Ulikuwa Umefika Wapi? Mhadhara kuhusu Kazi Inayokatizwa



Wakala wa fedha za simu amekaa nyuma ya wavu, anahesabu noti za elfu kumi. Midomo inachezacheza, amefika thelathini na kitu. Mteja mwingine anainama dirishani: "Dada, samahani, laki tatu itapatikana?" Anaitikia kwa kichwa bila kuinua macho. Swali na jibu havikumaliza sekunde tatu, lakini kidole gumba kimesimama. Anatazama fungu la mkono wa kushoto, anatazama la mkono wa kulia, anasonya, anayachanganya yote na kuanza upya: moja, mbili, tatu.

Noti zote zipo. Kuhesabu anakujua, maana ndiyo kazi yake kutwa. Kilichompotea ni mahali alipokuwa amefika.

Mhadhara huu unahusu mahali hapo. Kwa karibu miaka mia moja sasa wanasaikolojia wameichunguza kazi inayokatizwa, katika maabara kwanza, kisha maofisini, wodini na ndani ya vyumba vya marubani. Matokeo yao yakikusanywa pamoja yanaonyesha kwamba hasara kubwa ya kukatizwa haimo katika zile sekunde alizozichukua mkatizaji. Imo katika kuitafuta njia ya kurudi. Ndiyo maana kumhimiza mfanyakazi "awe makini" kumesaidia kidogo sana, na kumwachia alama ya kurudia kumesaidia zaidi.

Jumatatu moja, Jumanne mbili

Siku hizi hata matangazo ya ajira humtaka mwombaji awe na uwezo wa kufanya mambo mengi kwa mpigo. Neno la Kiingereza linalotaja sifa hiyo, multitasking, halikutungwa kwa ajili ya binadamu. Ni la wahandisi wa kompyuta wa miaka ya 1960, enzi za mashine za IBM System/360, waliotaka kueleza jinsi kompyuta moja inavyohudumia kazi kadhaa. Na kompyuta yenyewe, ikiwa na prosesa moja, haikuwa ikifanya kazi mbili pamoja. Ilikuwa ikiruka kutoka hii kwenda ile kwa kasi isiyoonekana kwa jicho. Ila kabla ya kuruka ilihifadhi kila kitu: imefika agizo la ngapi, hesabu imetoa namba gani. Iliporudi, ilianzia palepale. Ofisi ziliazima neno, zikauacha huo utaratibu wa kuhifadhi.

Binadamu naye huruka. Mwaka 1927 Arthur Jersild wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, aliwapa watu orodha za namba. Orodha moja ilitaka kila namba iongezwe kiasi fulani, nyingine ilitaka kila namba ipunguzwe, na ya tatu ilitaka kujumlisha na kutoa kwa zamu. Hesabu zilikuwa zilezile rahisi, lakini orodha ya zamu ilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1995 Robert Rogers na Stephen Monsell waliuliza kama gharama hiyo ingefutika endapo mtu angejua mapema kwamba zamu inabadilika na kupewa nafasi ya kujiandaa. Ilipungua, haikufutika.

Msemaji wa Kiswahili anaweza kulipima jambo hili bila maabara. Ataje siku za juma kuanzia Jumatatu, haraka: ni rahisi. Ahesabu moja hadi saba: ni rahisi zaidi. Sasa avipokezanishe: Jumatatu moja, Jumanne mbili, Jumatano tatu, Alhamisi nne. Ulimi unaanza kujikwaa. Jina la siku linanong'ona "tatu" wakati mdomo unatakiwa kusema "moja", na akifika "Jumamosi sita" wengi huwa wamekwishacheka. Hapo mizigo imekuwa miwili: kuhama kutoka orodha hii kwenda ile, na kuizuia orodha iliyoachwa isichungulie. Mzigo huo wa pili ni jamaa wa ule aliouonyesha Mmarekani John Ridley Stroop mwaka 1935, alipowataka watu wataje rangi ya wino huku neno lililoandikwa kwa wino huo likitaja rangi nyingine.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Maabara imeongeza kwamba hata ile isiyoponyoka hushikwa kwa ulegevu.

Mwaka uleule wa 1927, mjini Berlin, Bluma Zeigarnik aliandika kwamba watu walizikumbuka vizuri zaidi kazi walizokatizwa kuliko walizozimaliza. Mwaka uliofuata mwenzake Maria Ovsiankina alionyesha kwamba mtu aliyekatizwa, akiachwa peke yake, huirudia kazi yake bila kuambiwa. Majaribio ya baadaye hayakumuunga mkono Zeigarnik kila mara. Hamu ya kurudi aliyoiona Ovsiankina ndiyo iliyosimama imara zaidi. Mwaka 2009 Sophie Leroy aliutazama upande wa pili wa hamu hiyo: anayeacha kazi haijaisha huondoka na masalia yake kichwani, na masalia hayo huila kazi mpya. Mwili umeingia kikaoni, fikra zimebaki kwenye jedwali lililoachwa nusu.

Saa ya kupimia sekunde

Maabarani mkatizaji ni mtafiti, naye hukatiza apendapo. Ofisini mambo huja yenyewe. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, aliamua kwenda kuyatazama hukohuko. Yeye na mwenzake Victor González walikaa nyuma ya wafanyakazi wakiwa na saa ya kupimia sekunde, wakiandika kila tendo: amefungua barua, ameacha, amepokea simu, amerudi kwenye jedwali, mwenzake amemwita. Katika ripoti yao ya mwaka 2004, mtu alidumu kwenye tendo moja kwa wastani wa dakika tatu hivi kabla ya kuhamia lingine.

Mwaka 2005, Mark, González na Justin Harris waliyakusanya matendo hayo katika kazi kubwa zaidi, kwa mfano mradi mmoja pamoja na simu na barua zake zote. Zaidi ya nusu ya kazi hizo zilikatizwa, na zile zilizorudiwa siku ileile zilirudiwa baada ya wastani wa dakika 25 hivi.

Takwimu hiyo imesafiri dunia nzima, nayo imeharibika njiani. Watu huinukuu kana kwamba akili ya mtu hubaki gizani kwa nusu saa kila simu inapolia. Walichokiona watafiti ni kingine. Katika dakika hizo 25 mfanyakazi hakukaa akitafuta fikra zake. Alishika kazi nyingine, kwa wastani zaidi ya mbili, kabla ya kuikumbuka ya kwanza. Ni kama mtu aliyetumwa sokoni kununua chumvi, akakutana na shemeji, akaingia dukani kuulizia bei ya unga, akapitia kwa fundi kuchukua viatu. Chumvi ataileta, lakini kwanza itabidi akumbuke kwamba ndiyo iliyomtoa nyumbani.

Jambo la pili lilikuwa chungu zaidi kwa wanaowalaumu wenzao: karibu nusu ya mikatizo hiyo haikutoka kwa mtu mwingine. Mfanyakazi alijikatiza mwenyewe. Hakuna aliyeita, hakuna kilicholia. Mkono tu ulikwenda.

Je, waliokatizwa walifanya kazi polepole? Mwaka 2008 Mark na wenzake wa Ujerumani waliwaweka watu 48 wajibu barua pepe za kazi, wengine wakikatizwa kwa simu na ujumbe, wengine wakiachwa. Waliokatizwa walimaliza upesi zaidi, na ubora wa majibu yao haukupungua kwa kiasi kinachoonekana. Ila walipoulizwa hali zao, walitaja msongo zaidi, kero zaidi na hisia ya kukimbizwa na saa. Mwenye ofisi anayetazama kazi iliyokamilika tu hawezi kuiona gharama hiyo, kwa sababu haikulipwa kwa muda.

Mwaka 2012 timu ya Mark iliwakatia barua pepe wafanyakazi 13 kwa siku tano, wakavaa vipima mapigo ya moyo. Wenye barua pepe walihama kutoka dirisha moja la kompyuta hadi lingine kama mara 37 kwa saa. Barua ilipokatwa, mara 18. Mapigo ya moyo nayo yaliacha ile hali ya kuwa macho muda wote. Waliokuwa na shida ya kweli waliinuka, wakatembea hadi mezani kwa mwenzao, wakauliza.

Rubani na orodha

Barua ikichelewa, dunia haianguki. Kuna kazi ambazo mahali pakipotea hakuna nafasi ya kuanza upya moja, mbili, tatu.

Erik Altmann wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, pamoja na Gregory Trafton na Zach Hambrick, waliwapa watu 300 kazi ya hatua saba zinazofuatana kwa mpangilio uleule. Mara kwa mara skrini iliwataka waandike herufi chache, kisha waendelee. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2014, mkatizo wa wastani wa sekunde 2.8 uliongeza maradufu makosa ya kukosea hatua. Mkatizo wa sekunde 4.4 uliyaongeza mara tatu. Washiriki hawakusahau namna ya kuzifanya hatua zenyewe. Walisahau ipi inafuata, sawasawa na wakala na noti zake.

Jioni ya tarehe 16 Agosti 1987, ndege ya Northwest Airlines, safari namba 255, ilijiandaa kuondoka Detroit. Waongozaji wa ardhini waliwapa marubani njia ya kurukia tofauti na waliyoitazamia. Ikabidi makabrasha yafunguliwe kuhakikisha uzito wa ndege unafaa kwa njia hiyo mpya. Ikabidi masafa ya redio yabadilishwe. Ndege ikapita kona iliyopaswa kukata, ikaelekezwa upya. Kwa kawaida, katika dakika hizohizo za kutembea ardhini, marubani huteremsha flapu, vile vibamba vya bawa vinavyoisaidia ndege kupaa, kisha husoma orodha ya ukaguzi kuthibitisha. Siku hiyo orodha haikusomwa na flapu hazikuteremshwa. King'ora ambacho kingewaonya hakikulia, kwa kuwa hakikuwa kikipata umeme. Ndege iliinuka kidogo na kuanguka. Walikufa watu 154 waliokuwa ndani na wawili waliokuwa chini. Akapona mtoto mmoja wa kike wa miaka minne.

Marubani wale hawakuwa wageni kazini. Key Dismukes na wenzake wa kituo cha utafiti cha NASA Ames walitumia miaka kuchunguza usahaulifu wa namna hii, nao walieleza kwa nini uzoefu haumkingi mtu. Kazi iliyozoeleka haikumbukwi kwa juhudi. Kila hatua huivuta inayofuata. Mpishi aliyekwisha kaanga kitunguu haulizi kinachofuata, mkono wake unakwenda kwenye nyanya. Mkatizo hukata huo mnyororo. Hatua iliyotangulia imekwishapita, iliyokuwa ikumbukwe haina wa kuiita, na mtu huendelea na ya mbele akiwa na hakika kamili kwamba ya nyuma ameifanya, kwa sababu siku nyingine zote ameifanya.

Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilikuwa na kanuni kuhusu jambo hili tangu mwaka 1981. Chini ya futi 10,000, na wakati wote wa kutembea ardhini, kupaa na kutua, marubani hawaruhusiwi kufanya wala kuzungumza lolote lisilohusu usalama wa safari. Miongoni mwa ajali zilizoizaa ni ile ya Eastern Air Lines huko Charlotte mwaka 1974, ambapo kinasa sauti kilionyesha marubani wakipiga soga za siasa na magari huku ndege ikishuka ndani ya ukungu. Kanuni hiyo huziba soga. Haikuweza kuziba mikatizo ya Detroit, kwa kuwa kila mmoja ulikuwa kazi halali.

Kizibao cha muuguzi

Wodini ndiko swali hili linakokuwa gumu kabisa, maana anayekatiza ana sababu.

Johanna Westbrook na timu yake waliwafuata wauguzi 98 katika hospitali mbili za Sydney wakiwa wanagawa dawa: dozi 4,271 kwa wagonjwa 720. Zaidi ya nusu ya ugawaji huo ulikatizwa angalau mara moja. Kila mkatizo ulikwenda sambamba na ongezeko la kama asilimia 12 la kukosea utaratibu, mathalani kutohakiki jina la mgonjwa, na ongezeko linalokaribiana na hilo la makosa ya dawa yenyewe. Uwezekano wa kosa kubwa ulikuwa asilimia 2.3 pasipo mkatizo. Kwa mikatizo minne ulifika asilimia 4.7. Utafiti huo ulitoka mwaka 2010 na ukasomwa sana.

Dawa iliyopendekezwa sehemu nyingi ikawa kizibao. Muuguzi anayegawa dawa avae kizibao kilichoandikwa asikatizwe. Westbrook hakuridhika na wazo kwa sababu tu lilipendeza, alilipima. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba mikatizo isiyohusu dawa ilipungua kutoka 50 hadi 34 hivi kwa kila ugawaji 100. Ilipungua kweli, ila haikwisha. Na wauguzi wenyewe walilalamika: kizibao kina joto, kinasumbua, kinapoteza muda kukivaa na kukivua. Chini ya nusu yao walitaka kiwe kanuni ya kudumu.

Zaidi ya malalamiko hayo upo ukweli usioandikwa kifuani. Mgonjwa wa kitanda cha nne anayesema dripu imekwisha ni mkatizo. Mwenzake anayeuliza ufunguo wa kabati la dawa ni mkatizo. Daktari anayekuja kusema dozi imebadilishwa ni mkatizo, tena wa kuokoa maisha. Mwaka 1995 Brid O'Conaill na David Frohlich walipozichunguza picha za video za watu kazini, waliona kwamba katika mikatizo 64 kati ya 100 yule aliyekatizwa naye alifaidika kwa namna fulani. Ofisi isiyokatizana hata kidogo ingekuwa ofisi ya watu wasiosaidiana.

Leslie Perlow aliliona hilo kwa wahandisi wa programu Marekani, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1999. Walikuwa wakifanya kazi usiku na wikendi kwa sababu mchana uliliwa na maswali ya wenzao. Zikawekwa saa za ukimya, ambazo hakuna wa kumsemesha mwenziwe, na saa nyingine zikaachwa wazi kwa maswali. Kazi ilikwenda vizuri zaidi. Mtafiti alipoondoka, ukimya nao ukaondoka. Kampuni ilikuwa bado ikimsifu anayezima moto, si anayezuia usiwake, na huwezi kuzima moto bila kuitwaita.

Serikali nazo zimejaribu kuweka ua wao. Ufaransa, tangu Januari 2017, inazitaka kampuni kubwa zijadiliane na wafanyakazi kuhusu haki ya kutosumbuliwa kwa simu na barua pepe baada ya kazi. Nchini Kenya, mwaka 2022, Seneta Samson Cherargei alipeleka muswada wenye shabaha kama hiyo. Yeyote aliyewahi kupokea "naomba hiyo ripoti" kwenye kundi la WhatsApp la ofisi saa nne usiku anajua kilichowasukuma. Lakini sheria hulinda jioni. Saa nne asubuhi, kazi ikiwa imepamba moto, kila mtu hubaki na wenzake na simu yake.

Sindano ndani ya kitambaa

Ukumbini humu huenda kuna wanaojiambia kwamba hayo ni ya wengine. David Strayer na Jason Watson wa Chuo Kikuu cha Utah waliwatafuta watu wa aina hiyo. Kati ya watu 200 waliopewa kuendesha gari la kuigiza huku wakikumbuka maneno na kufanya hesabu kwa simu, asilimia 2.5 hawakupungukiwa kitu, yaani watu watano. Mwaka 2013 watafiti wa chuo hichohicho waliwapima watu 310, wakakuta kwamba wanaopenda zaidi kushika mambo mengi ndio walioyamudu vibaya zaidi, na kwamba asilimia 70 ya wote walijiona wako juu ya wastani.

Kinachowafaa wale waliobaki ni kile ambacho kompyuta ya miaka ya 1960 ilikifanya kabla ya kuruka. Altmann na Trafton waliziona sekunde chache zilizopo kati ya ishara ya mkatizo na kazi mpya kuwa ni mali: mtu akizitumia kujiambia alikuwa amefika wapi na kinachofuata ni nini, hurudi upesi zaidi. Leroy na Theresa Glomb, mwaka 2018, waliwataka waliokatizwa waandike kwa ufupi mambo mawili hayo kabla ya kuondoka. Masalia ya kazi ya kwanza yalipungua, na kazi ya pili ikafanywa vizuri zaidi.

Mafundi wamekuwa wakifanya hivyo bila kusoma jarida lolote. Fundi cherehani akiitwa na mteja katikati ya mshono, kabla hajainua kichwa huzungusha gurudumu kwa kiganja hadi sindano izame ndani ya kitambaa. Hapo anaweza kusalimiwa, kupimisha suruali, kubishana bei, hata kwenda kuswali. Kitambaa hakisogei. Akirudi, miguu inakanyaga na mshono unaendelea kutoka tundu lilelile.

Na wapo mawakala wa fedha wanaohesabu kwa namna nyingine. Noti tisa zinapangwa, ya kumi inakunjwa kuzifunga, fungu linawekwa mezani. Tisa nyingine, ya kumi inakunjwa. Mteja anainama dirishani na kuuliza kama laki tatu itapatikana. Huyu anainua macho, anajibu, anauliza na habari za nyumbani. Mezani yamelala mafungu matatu, mkononi zimebaki noti chache. Anazihesabu hizo tu.